Mwalimu wa Skuli ya Msingi na Hazina ya Majarida

Kuna rai iliyoenea miongoni mwa wakufunzi, na hata miongoni mwa walimu wanafunzi wenyewe, kwamba kutafuta makala katika hifadhidata za majarida ya kisayansi ni kazi ya wasomi wa chuo kikuu. Mwalimu wa skuli ya msingi, husemwa, hutosheka na muhtasari wa somo, kitabu cha kiada, chaki na moyo wa kazi; akiongezewa simu yenye intaneti, basi amekamilika. Sisi hatuafikiani na rai hiyo. Tunaona kwamba katika kisiwa hiki chetu cha Pemba, pengine kuliko mahali pengi pengine, mwalimu wa madarasa ya chini ana haja ya kuifikia hazina hiyo, na kwamba vyuo vyetu havina budi kumfundisha njia ya kuifikia kama vile vinavyomfundisha kutayarisha andalio la somo.

Sababu yetu kubwa iko karibu sana nasi. Watoto wa Pemba wameandikwa. Katika miaka ya 1990 Rebecca Stoltzfus na wenzake, wakiwamo wataalamu wa Wizara ya Afya ya Zanzibar, waliwapima wanafunzi wa skuli 12 za kisiwa hiki ili kujua ni damu kiasi gani mtoto huipoteza kwa sababu ya safura, na kama dawa ya minyoo inayotolewa skuli mara mbili au mara tatu kwa mwaka ingeweza kumnusuru. Mwaka 2000 ilifunguliwa Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri pale Wawi, Chake Chake, na tangu hapo makala hazikukatika: juu ya minyoo, juu ya kichocho, juu ya madini ya chuma na zinki, juu ya usafi wa kitovu cha mtoto mchanga. Humo msomaji atayakuta majina ya Wazanzibari wenzetu, kama vile Said Mohammed Ali na Shaali Makame Ame, yakiwa sambamba na majina ya wageni.

Damu iliyopimwa ni ya watoto wetu. Choo kilichotazamwa kwa darubini ni chao. Waliowapanga foleni uwanjani, wakawaita kwa majina na kuwatuliza waliokuwa wakilia, ni walimu wa skuli zetu. Lakini matokeo yalipochapishwa, yalichapishwa Uingereza na Marekani, kwa Kiingereza cha kitaalamu, na leo mwanafunzi wa Basel au Baltimore anaweza kuyasoma kabla ya chai ya asubuhi ilhali mwalimu wa skuli ile ile iliyopimwa hajui kuwa yapo. Hatusemi kwamba watafiti walificha. Walichapisha mahali ambapo watafiti huchapisha. Kinachokosekana ni mtu wa upande wetu wa kwenda kuyachukua, na mtu huyo, kwa maoni yetu, ni mwalimu.

Mtazame mtoto anayesinzia darasani saa nne ya asubuhi. Mwalimu asiyejua jingine ana maneno mawili tu ya kumweleza: mvivu, au mtukutu aliyekesha. Pengine ni kweli. Katika msimu wa karafuu wako watoto ambao hufika skuli wakiwa wamechoka kwa kuchuma na kuchambua, na wako wanaokuja bila ya kula. Lakini wale waliopima damu na vinyesi vya wanafunzi wa Pemba walionyesha kuwa safura, yule mnyoo mdogo aingiaye kwa ngozi ya mguu mtupu na kujishikiza utumboni akinyonya, ilikuwa sababu kubwa ya upungufu wa madini ya chuma na wa damu kwa watoto hawa. Hatutaki mwalimu ageuke tabibu. Tunataka awe na maelezo ya tatu na ya nne mkononi mwake, kwani mwenye maelezo manne fimbo yake huchelewa kuinuka, na barua yake kwa mzazi huandikwa kwa lugha nyengine.

Sasa, hifadhidata ya majarida ni kitu gani? Waliosoma vyuo vikuu katika miaka ya 1970 watakumbuka makabati yenye droo ndogo ndogo zilizojaa kadi, na vile vitabu vinene vya faharasa vilivyoorodhesha makala kwa mada na kwa majina ya waandishi. Kitabu kimoja cha namna hiyo kwa upande wa tiba, *Index Medicus*, kilianza kuchapwa Marekani mwaka 1879 na hakikukoma mpaka 2004. Hifadhidata ni faharasa hiyo hiyo iliyohamishiwa katika kompyuta, ambayo badala ya kufunuliwa ukurasa kwa ukurasa, huulizwa kwa maneno. Ile iitwayo PubMed, ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, ilifunguliwa kwa watu wote bila ya malipo mwaka 1997. ERIC, ambayo ni ya mambo ya elimu na kwa hivyo inatuhusu sisi walimu zaidi, ilianza tangu miaka ya 1960. Na iko AJOL, iliyoanza mwaka 1998, inayokusanya majarida yanayotolewa Afrika. Humo limo hata jarida la sayansi za bahari linalotolewa na jumuiya yenye makao yake hapo Unguja, pamoja na majarida kadhaa ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mtu atauliza, ikiwa vitu hivi vimo katika intaneti, maktaba ya chuo kikuu yaingiaje hapa? Huingia kwa sababu faharasa si makala. Faharasa hukupa kichwa cha makala, majina ya waandishi na ikisiri ya maneno mia mbili au tatu. Unapotaka kusoma makala yenyewe, mara nyingi unakuta mlango umefungwa na bei imebandikwa juu yake, dola 30 au zaidi kwa makala moja. Mwalimu gani wa Micheweni atalipa fedha hizo? Vyuo vikuu hulipa kwa niaba ya watu wao, au husamehewa. Mwezi wa Januari 2002 Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji wakubwa walianzisha mpango wa Hinari, ambao kwa huo taasisi za nchi maskini husoma majarida ya tiba bure au kwa bei ndogo. Mwaka 2003 ukafuatia mpango kama huo kwa majarida ya kilimo, kisha ya mazingira na mengineyo, na yote kwa pamoja sasa huitwa Research4Life. Ruhusa hiyo hupewa taasisi, hapewi mtu mmoja mmoja. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilichoundwa kwa Sheria Namba 8 ya mwaka 1999, kina kampasi hapa Pemba, na maktaba za vyuo vikuu vya nchi yetu zina umoja wao, COTUL, wa kushirikiana katika kupata majarida. Kwa hivyo mwalimu mwanafunzi anayetaka kusoma makala kamili aanze kwa mkutubi. Tunalisema hili kwa sababu tumeona wengi wakipita mbele ya meza ya mkutubi kama wapitao mbele ya mlinzi, ilhali yeye ndiye mwenye neno la siri, na aghlabu ndiye anayejua kutafuta kuliko sisi wakufunzi.

Hapo ndipo kazi inapoanza, na hapo pia ndipo wengi hukata tamaa. Mwalimu mwanafunzi hukaa mbele ya kompyuta akaandika sentensi nzima, kama aliyekaa na mtu: kwa nini wanafunzi wa darasa la tatu wanasinzia. Anapata ama makala laki moja zisizomhusu, ama hapati kitu. Huondoka akisema Pemba haimo. Pemba imo, ila ameuliza kwa lugha ambayo hifadhidata hizi hazikuzoeshwa. Swali la darasani halina budi kuvunjwa vipande kabla ya kupelekwa huko. Nani? Wanafunzi wa skuli ya msingi. Jambo gani? Kusinzia, kutosikiliza, kuchoka. Tunashuku nini? Minyoo, upungufu wa damu, njaa. Wapi? Pemba, au mahali panapofanana nayo. Kila kipande hutafutiwa neno la Kiingereza, na si neno moja tu, bali ndugu zake wote. Upungufu wa damu, kwa mfano, Waingereza huuandika "anaemia" na Wamarekani "anemia". Aliyeandika moja tu huenda akaikosa nusu ya hazina kwa ajili ya herufi moja. Safura iko chini ya "hookworm". Kichocho mara nyingi kiko chini ya "schistosomiasis", na ukiliandika neno letu "kichocho" peke yake utapata makala chache sana. Hili la mwisho linatuuma kidogo, maana neno ni la kale na ugonjwa ni wetu.

Vipande huungwa kwa maneno matatu ya Kiingereza ambayo kompyuta huyachukua kama amri: AND, OR na NOT. OR huwakusanya ndugu, yaani makala yenye neno hili au lile. Nayo huongeza mavuno. AND hudai kwamba maneno yote mawili yawemo, na kwa hivyo hupunguza mavuno na kuyasafisha. NOT hutupa nje. Alama ya nyota mwishoni mwa shina la neno, katika hifadhidata nyingi, huleta minyambuliko yake yote: "teach" ikifuatwa na nyota huleta mwalimu, ufundishaji na kufundisha kwa mkupuo mmoja. Mswahili hapaswi kuona taabu kulielewa hilo, kwani lugha yake yote ni mashina na viambishi.

Hapa tutoe tahadhari moja ambayo vitabu vya mafunzo vilivyoandikwa ng'ambo havitaitoa. Jina la kisiwa chetu si letu peke yetu. Uko mji wa Pemba katika Msumbiji, huko Cabo Delgado, ambao zama za Wareno uliitwa Porto Amélia. Na iko wilaya ya Pemba katika Zambia. Mwenye kuandika "Pemba" tu ataletewa malaria ya Msumbiji na mahindi ya Zambia. Dawa yake ni kuandika Pemba AND Zanzibar. Wengine hukimbilia kuandika Pemba NOT Mozambique, lakini sisi hatuipendi njia hiyo, kwa kuwa NOT hutupa hata makala nzuri iliyotaja Msumbiji kwa ajili ya kulinganisha tu. Kisha ikumbukwe kwamba watafiti wengi waliofanya kazi yao Pemba waliandika "Zanzibar" tu katika kichwa cha makala, na Pemba ikabaki ndani. Atafutaye Pemba asichoke kutafuta na Zanzibar, wala asishangae kukuta Chake Chake imeandikwa kama neno moja pahala pengine na maneno mawili pahala pengine.

Kwa viumbe, jina la kisayansi ndilo lifaalo, kwa kuwa halibadiliki kwa lugha. Mwalimu wa sayansi anayetaka kufundisha juu ya popo wa Pemba, wale wakubwa ambao wanafunzi wake wanawajua kutoka Kidike, aandike *Pteropus voeltzkowi*. Ataikuta makala ya mwaka 2010 katika jarida la *Oryx* inayoeleza jinsi mnyama huyu, asiyepatikana popote duniani isipokuwa hapa, alivyokuwa amekaribia kutoweka mwishoni mwa miaka ya 1980 na jinsi idadi yake ilivyorudi kwa maelfu baada ya wanavijiji kuyahifadhi makazi yake. Hiyo ni somo zima la darasa la tano, nalo halimo katika kitabu cha kiada kilichoandikwa kwa ajili ya watoto wa kila mahali.

Lakini kupata si kusoma. Tunataka kukaa kidogo katika jambo hili, maana madhara ya kusoma vibaya ni makubwa kuliko ya kutosoma.

Chukueni suala la madini ya chuma. Mwalimu mwanafunzi aliyekwisha kusoma kwamba safura hupunguza madini ya chuma mwilini atajiambia, kwa mantiki safi kabisa, kwamba basi watoto wote wapewe vidonge vya chuma. Atafute, atapata makala za kumuunga mkono. Na kweli mwaka 1998 miongozo ya kimataifa ilielekeza kwamba mahali penye upungufu mwingi wa damu watoto wadogo wapewe chuma wote. Akiishia hapo atakwenda kuwahubiria wazazi. Asipoishia hapo, akaandika tena Pemba AND iron, atakutana na makala ya Sunil Sazawal na wenzake iliyochapishwa katika *The Lancet* mwezi wa Januari 2006. Hao walitazama zaidi ya watoto 24,000 wa Pemba. Baadhi walipewa chuma na asidi ya foliki, pamoja na zinki au bila ya zinki, na wengine wakapewa kidonge kisicho na dawa. Mwezi wa Agosti 2003 sehemu ya chuma ilisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu ilionekana kwamba watoto waliokuwa wakipewa chuma walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 12, wa kufa au kulazwa hospitali kwa ugonjwa mkali. Kisiwa hiki kilikuwa na malaria nyingi wakati huo, na ilionekana kuwa chuma cha kumnufaisha mtoto, kikitolewa bila ya kuangalia, kilimdhuru.

Makala hiyo ilitikisa ushauri wa dunia. Shirika la Afya Duniani liliubadilisha mwongozo wake kwa nchi zenye malaria. Na sisi walimu wa kisiwa ambacho jambo hilo lilitokea, ni wangapi tunaolijua?

Sasa, je, mwalimu aliyeisoma makala ya 2006 aende akawaonye wazazi kwamba chuma ni sumu? Huko pia ni kusoma vibaya. Atazame kwanza umri: watoto wale walikuwa wa mwezi 1 hadi 35, hawakuwa wanafunzi wa skuli. Atazame ndani zaidi, ataona kwamba miongoni mwa kundi dogo lililopimwa damu, wale waliokuwa na upungufu wa kweli wa chuma walifaidika. Atazame toleo lile lile la *The Lancet*, ataona utafiti mwenzake wa Nepal, mahali pasipo na malaria ya namna hii, ambako madhara hayo hayakuonekana. Kisha atazame mwaka. Kuanzia 2003 Zanzibar iliingiza dawa mpya za mseto, vikafuata vyandarua na upigaji wa dawa majumbani, na malaria ikapungua mno. Pemba iliyoandikwa 2006 si Pemba ya leo kwa jambo hilo. Na mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwengine, kwamba katika nchi za malaria chuma kitolewe sambamba na kinga na tiba ya malaria. Makala tatu au nne, zote za kweli, zote zimepitiwa na wataalamu kabla ya kuchapwa, na kila moja ukiichukua peke yake itakupotosha. Kwa hivyo tunamwomba mwalimu mwanafunzi asiandike kamwe "utafiti unaonyesha" bila ya kusema utafiti wa nani, kwa watoto gani, wapi na mwaka gani. Nani aliyemwambia kwamba utafiti ni mmoja?

Jambo jengine gumu ni kusoma matokeo yasiyotupendeza. Kuanzia 2012 hadi 2016, chini ya mpango wa kutokomeza kichocho Zanzibar, shehia 90, nusu Unguja na nusu Pemba, zilijaribiwa njia tatu. Zote zilipewa dawa ya prazikwanteli mara mbili kwa mwaka. Baadhi ziliongezewa kuua konokono katika mito na mabwawa, na baadhi ziliongezewa elimu ya kubadili mwenendo, ambayo ndani yake walimu walifunzwa, vyoo vya haja ndogo na mahali pa kufulia vikajengwa, na michezo salama ikaandaliwa kwa watoto ili wasiende mtoni. Ripoti kubwa ilichapishwa mwaka 2019. Kichocho kilipungua sana, lakini uambukizaji haukukatika kabisa, na shehia zilizoongezewa elimu hazikuonekana kuzishinda kwa wazi zile zilizopewa dawa tu. Sisi walimu tungependa kusoma kinyume chake! Mwalimu mvivu wa fikra atasema: basi kufundisha juu ya kichocho hakuna maana. Mwalimu mwenye kiburi atasema: watafiti wamekosea. Tungependa kumwona wa tatu, atakayeuliza kwamba katika skuli yangu mimi, watoto huingia mtoni kwa sababu hawajui, au kwa sababu hakuna bomba nyumbani na mama amewatuma? Swali hilo halimo katika takwimu. Limo njiani baina ya skuli na mto, na anayeipita njia hiyo kila siku ni mwalimu.

Tunajua pingamizi zitakazotolewa. La kwanza ni lugha, na hilo hatulipuuzi. Mwalimu mwanafunzi ambaye Kiingereza chake ni cha mashaka atachoka katika mstari wa tatu wa ikisiri. Tena kuna kinaya ndani yake: Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilielekeza Hisabati na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na mwenye kutaka kujua hoja zilizotolewa juu ya mambo kama hayo atazikuta katika kazi za mradi wa LOITASA, ulioanza 2002, ambamo Birgit Brock-Utne, Zubeida Desai na Martha Qorro walikusanya tafiti za Tanzania na Afrika Kusini kuhusu lugha ya kufundishia. Atazikuta kwa Kiingereza. Hata hivyo Kiingereza cha ikisiri si bahari isiyo na ufuo. Ni maneno mia moja hivi yanayojirudia makala baada ya makala, na watu wawili wakiketi pamoja na kamusi, mmoja anayejua somo na mmoja anayejua lugha, huimaliza ikisiri moja kwa nusu saa. Tumeona wanachuo wakifanya hivyo, na mara ya tano haikuwa nusu saa tena.

Pingamizi la vifaa lina uzito mdogo kuliko zamani. Tangu 2010 Pemba imeungwa na umeme wa bara kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, na simu ziko mikononi mwa watu. Intaneti husuasua, kweli. Lakini makala moja si sinema, ikishapatikana huhifadhiwa na kusomwa nyumbani bila ya mtandao. Na yule asemaye kwamba swali liandikwe tu katika mtambo wa kawaida wa kutafutia, jibu litakuja, tunamwambia kwamba jibu litakuja kweli, tena haraka, likiwa limechanganyika tangazo la dawa, uvumi, na makala za majarida ya ulaghai yanayochapa chochote kwa mwenye kulipa. Huko hakuna wa kumwambia lipi ni lipi. Hata hifadhidata nzuri huteleza mara moja moja, ila kwa mwenye kuanza kazi kuna tofauti baina ya soko lenye mkaguzi na soko lisilo naye.

Basi tunapendekeza nini? Kwamba katika vyuo vyetu, kila mwalimu mwanafunzi arudipo kutoka mazoezi ya kufundisha alete swali moja alilolipata darasani, si alilolipata kitabuni, nalo liandikwe kwa Kiswahili. Apelekwe maktaba ya chuo kikuu kwa siku moja au mbili, akiwa na swali lililokwisha kuvunjwa vipande na maneno yake ya Kiingereza yameorodheshwa, kwani saa za kompyuta ni chache na si haki kuzitumia kwa kufikiri jambo ambalo lingefikiriwa chini ya mwembe. Mkutubi awe mmoja wa wakufunzi wa kazi hiyo. Alama zitolewe kwa namna alivyouliza na namna alivyosoma. Asipewe alama kwa wingi wa makala alizozitaja, maana tunajua alama za namna hiyo huzaa nini: orodha ndefu ya vitu ambavyo havikusomwa, iliyonakiliwa kutoka kwa mwanachuo wa mwaka uliopita. Na asiyepata kitu baada ya kutafuta vizuri apewe alama zake kamili, kwa sharti aonyeshe alitafuta wapi na kwa maneno gani. Swali ambalo Pemba bado haijaandikiwa ni jambo la kujulikana.

Tunapendekeza kadhalika kwamba watafiti wanaokuja katika skuli zetu waombwe na walimu wakuu, kwa adabu na kwa maandishi, waache ukurasa mmoja wa Kiswahili kazi yao inapochapishwa. Wengi hawatakataa, hawajaombwa tu.

Naye mwalimu mwanafunzi, kwa kila makala aliyoisoma, aandike ukurasa kama huo. Uwe na kichwa cha makala na mwaka wake, watoto waliotazamwa walikuwa wa wapi na wa umri gani, kilichofanywa, kilichoonekana, na kilichobaki kutojulikana. Nakala moja ikae katika jalada la maktaba ya chuo, na nyengine irudi katika skuli ile ile aliyofanyia mazoezi, ikiwa na mistari mitatu mitupu chini yake, ili mwalimu wa darasa aandike kama ayaonayo yeye yanafanana na hayo au hayafanani.